Maswali kwa Bibi Nesi: Daktari Kasema Nitembee, Mama Mkwe Kasema Nikae Ndani

Mwezi huu wa nane barua nyingi zimetoka kwa watu waliopasuliwa, wamerudi nyumbani, na hawajui watoke au wajifungie. Nimechukua tatu. Ya kwanza itakula nafasi kubwa, wenye barua nyingine mnisamehe. Dada huyu wa Lindi ameuliza jambo ambalo wodini hatukuwahi kupata nafasi ya kulieleza. Tulikuwa tunamwambia mgonjwa "uwe unatembeatembea", tunageukia kitanda cha pili.

Shikamoo Bibi Nesi. Naishi Rasbura hapa Lindi, nina watoto watatu. Hii ni wiki ya tatu tangu nitolewe kizazi kwa sababu ya uvimbe. Nilipasuliwa tumboni, mshono umelala chini ya kitovu, nyuzi zimeshatolewa na kidonda kimekauka. Daktari alisema nitembee kidogo kidogo kila siku. Mama mkwe wangu, aliyekuja kuniuguza kutoka Nachingwea, anasema mwenye kidonda cha tumbo hukaa ndani siku arobaini, akitoka baridi inamwingia. Anataka pia kunikanda maji ya moto kama mzazi. Sipendi kumvunjia heshima, kwa hiyo nazunguka nyumba alfajiri kabla hajaamka, nahesabu mizunguko kama mfungwa, na nachoka roho kabla ya miguu. Jirani akiniona nimesimama uani anasema "Aa, wewe umeshapona!", na kesho yake mume wangu anauliza kwa nini maji bado anateka mtoto. Halafu machozi yananitoka tu bila sababu. Zamani nilikuwa mtu wa ufukweni, jua likichomoza mimi niko pale. Sasa hata hamu sina. Nitembee vipi, Bibi, mpaka nione raha yake?
Mama Watatu, Rasbura

Marahaba mwanangu. Pole sana, na nafurahi kidonda kimekauka.

Nianze na mama mkwe, maana naona ndiye aliyekushikisha kalamu. Usimcheke. Alilokwambia ndilo hospitali zenyewe zilikuwa zikilifanya. Mpaka kwenye miaka ya 1940 madaktari wa Ulaya na Marekani walikuwa wakimlaza mtu aliyepasuliwa tumbo wiki mbili au zaidi. Vita Kuu ya Pili ilipoleta majeruhi wengi kuliko vitanda, watu wakaanza kuinuliwa mapema, na ikaonekana wazi kwamba anayeinuka mapema ndiye anayepona vizuri. Sababu yake haina uchawi. Damu ya miguuni hairudi juu kwa nguvu ya moyo peke yake, inasukumwa na vigimbi kila unapopiga hatua. Mtu akilala siku nyingi damu inatuama, inaganda, na bonge likibanduka linakwenda mpaka mapafuni. Hapo ndipo mtu aliyekuwa anaendelea vizuri anakata roho ghafla na ndugu wanatafutana uchawi. Mapafu nayo yakivuta pumzi fupi fupi za kitandani yanajaza makohozi. Na utumbo ukishaguswa na mikono ya madaktari huwa umezubaa. Kutembea ndiko kunakouamsha. Muulize yeyote aliyepasuliwa, atakwambia gesi ilimtesa kuliko kidonda.

Sasa sikiliza jambo litakalokusaidia ndani ya nyumba. Siku arobaini za mama mkwe na wiki sita za daktari ni karibu kitu kimoja. Hesabu mwenyewe. Wote wawili wamejua kwamba mwili unataka muda huo, wanatofautiana tu juu ya nini kinakatazwa. Ngozi hufunga mapema, ndiyo maana unaona kidonda kimekauka, lakini chini yake kuna tabaka jingine gumu linaloshikilia matumbo yasitoke, na hilo halijashikana sawasawa. Kutembea hakulisumbui. Kunyanyua ndiko kunakolisumbua, kwa sababu ukinyanyua unabana pumzi na tumbo linasukuma kutoka ndani. Mweleze hivyo kwa heshima: "Mama, arobaini naikaa, ila nakaa bila kunyanyua." Mume mwambie kwa lugha ya mizani: ndoo ya lita 20 ni kilo 20, na wewe kwa sasa usizidishe kilo nne, tano. Dumu la lita tano ndiyo mwisho wako. Ndoo, gunia, mtoto wa kubeba, kutwanga, vyote vinasubiri mpaka daktari akuone tena. Na kibao cha mbuzi pia. Watu hawakifikirii, lakini kukaa umejikunja juu ya mbuzi unakuna nazi kwa nguvu za tumbo si kazi ya mtu wa wiki ya tatu. Nazi akune huyo mume.

Kukandwa maji ya moto, hapana, na hapo usilegeze. Ngozi ya kuzunguka mshono huwa imekufa ganzi kwa miezi, hutahisi inapoungua. Nimewapokea wodini wanawake waliokuja na malengelenge juu ya mshono uliokuwa safi kabisa, na kila mmoja alikandwa na mtu aliyempenda. Kama mama anataka kukufunga mkaja, usimkatalie moja kwa moja. Kitambaa kinachoshikilia tumbo bila kukaza kinapunguza maumivu wakati wa kutembea. Kiwe cha kuingiza vidole, usikose pumzi, na usiku ukivue. Daktari wako mwulize kwanza, atakwambia kama kinakufaa.

Tuje kwenye raha yenyewe.

Unachoka roho kwa sababu unazunguka nyumba. Nyumba unaijua. Mzunguko wa tatu una nini ambacho wa pili haukuwa nacho? Mtu anatembea vizuri akiwa na anachokwenda kukiona, na kiwe kitu kinachobadilika, ili kesho usipokwenda uwe umekosa habari. Hilo ndilo nililojifunza nilipopasuliwa mwenyewe, mawe ya nyongo, miaka michache baada ya kustaafu. Nilikuwa naishi hapa hapa Mikindani. Ilikuwa masika, na kwenye mnazi wa barabarani minana walikuwa wanajenga. Dume anasuka kiota kutwa, anakiningʼinia kwa chini anapiga mbawa kumwita jike, jike anakuja, anaingia, anakagua, anatoka zake. Hakipendi. Dume anakibomoa anaanza upya. Basi mimi kila asubuhi nilikuwa na kesi ya kufuatilia: nani kakataliwa, nani kapata mke. Nilifika pale mnazini bila kujua nimefika. Siku nyingine nikasema, ngoja nisogee mpaka kwenye mikoko nikaone maji yamefika wapi, na kutoka hapo nikawa nakwenda mpaka karibu na Boma lile la Wajerumani la mwaka 1895, nakaa kivulini narudi. Kilima kilicho nyuma yake sikukigusa. Kilima ni cha wazima.

Wewe hapo Rasbura una bahari, na bahari ina ratiba. Huijui kwa sababu ulikuwa unakwenda alfajiri kwa mazoea, ukikuta maji yamejaa unakaa, yakiwa yamekupwa unashuka. Mgonjwa anatakiwa aijue. Mchanga mkavu wa juu ni mbaya kwako, mguu unazama na kila hatua unajivuta kwa tumbo. Mchanga uliolowa, ambao maji yameuacha muda si mrefu, umeshikana na uko sawa, na huo ndio barabara yako. Kwa hiyo tazama mwezi. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ni bamvua. Huku kwetu maji ya bamvua yanakupwa kabisa kwenye saa nne, saa tano asubuhi, yanakwenda mbali sana, ila jua limeshakuwa kali. Baada ya hapo yanachelewa kila siku, dakika hamsini hivi au zaidi. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, hayaendi mbali. Siku mbili tatu baada ya nusu mwezi ndipo utakapoyakuta yamekupwa asubuhi mapema na tena jioni jua likiwa limepoa. Hizo ndizo siku zako za kwenda ufukweni kwa miguu. Siku za bamvua kaa juu kivulini utazame akina mama wanaochokoa pweza wakirudi na vijiti vyao, usishuke nao. Miamba ile ina utelezi, na mtu wa mshono akiteleza anajikaza tumbo zima.

Na mwezi huu una wageni. Vitwitwi wameanza kurudi. Ndege wale wadogo wa miguu myembamba wanaokimbia mbele ya wimbi wakigeuka linapogeuka wametoka kaskazini kabisa ya dunia, walikokwenda kutaga, na watakaa kwetu mpaka mwakani kabla ya masika kwisha. Mara ya kwanza utawaona wachache. Rudi baada ya siku kadhaa uone kama wameongezeka. Tazama kwenye mchanga wa juu, utawakuta mwanamizi wanahama nyumba, kila mmoja na gamba la kuazima, na wakikusikia wanajifungia. Kaa kimya, watatoka. Ukishindwa kukaa kimya hujapona, rudi nyumbani ulale.

Hapo ndipo nataka umwingize mama mkwe. Mtu wa Nachingwea, miaka yake yote kwenye mikorosho na mbaazi, pwani kwake ni ugeni. Usimtoroke alfajiri. Mwambie, "Mama, twende nikakuonyeshe bahari inavyokwenda ikarudi." Wewe ndiye mwenyeji. Utaona mambo mawili yanatokea. Kwanza, kasi yako itakuwa ya mtu mzima mwenye miaka yake, na hiyo ndiyo kasi inayokufaa. Pili, jirani akiuliza "unaenda wapi?" jibu unalo, unamtembeza mkweo, na hakuna wa kusema umepona unazurura. Mama mwenyewe ndiye atakayewajibu. Nawajua mama wakwe wa kusini, akishakubali jambo atalisimamia kuliko wewe. Isitoshe, akikuona unarudi una uso mwingine, hadithi ya baridi itaisha bila ubishi.

Kiasi gani? Wiki hii ya tatu anza na dakika kumi hivi kwa mara moja, mara mbili au tatu kwa siku, ukiongeza kidogo ukiona mwili unakubali. Wapo wanaofika nusu saa kwa wiki hii hii, wapo wasiofika mpaka ya sita, na hakuna shindano. Vipimo vyangu ni viwili. Njiani, uweze kumweleza mama habari nzima bila kukatika pumzi. Asubuhi ya pili, tumbo lisiume kuliko jana; likiuma zaidi, leo punguza. Na geuka ungali na hamu ya kuendelea, kwa sababu njia ya kurudi haijapungua. Hilo la mwisho wagonjwa wangu wote walilisahau siku ya kwanza ya kujisikia wazima. Uwe na simu na nauli ya bajaji kwenye pindo la kanga. Kandambili ziache, vaa viatu vya kamba vinavyoshika kisigino. Ukijisikia kukohoa au kupiga chafya, kunja kanga, ikandamize juu ya mshono, ndipo ukohoe. Jua lisichome kovu jipya, litakuwa jeusi zaidi.

Ukiona unahema mapema sana, moyo unakimbia kwa hatua chache, usijilaumu uvivu. Wenye uvimbe wa kizazi wengi wamemwaga damu miezi mingi kabla ya kupasuliwa, na damu ikiwa chini miguu haina nguvu. Omba wakupime. Vidonge vya kuongeza damu meza, ila usivimeze na chai, chai inazuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Pisha saa moja au mbili. Vinafunga choo, kwa hiyo kunywa maji na kula papai, usije ukajikamua chooni ukaharibu kazi ya daktari.

Njia moja nakukataza mwezi huu hata ikiwa na kivuli kizuri: ya katikati ya mikorosho. Najua inanukia sasa inapochanua. Lakini huu ndio msimu wa kupulizia, na wakulima wanapuliza salfa asubuhi mapema wakati wa umande, saa ile ile unayotaka kutembea. Vumbi lile likikuingia utakohoa siku nzima, macho yanawasha, na kikohozi kwa mtu wa mshono ni adhabu. Subiri mabibo yaanguke, utakwenda kuokota. Kwa kuchuchumaa, si kwa kuinama.

Machozi hayo usiyaonee haya. Mwili umefunguliwa, umelala usingizi wa dawa, umepoteza kiungo kilichokuzalia watoto, halafu watu wanakutaka ucheke. Kulia wiki za mwanzo ni kawaida. Ila yakifululiza wiki mbili bila nafuu, hulali, huli, au unaona bora usiwepo, usiyapeleke ufukweni peke yake. Yapeleke kliniki, useme hivyo hivyo kwa mdomo wako. Na yapo mengine ya kwenda hospitali siku hiyo hiyo bila kungoja asubuhi: homa ya 38 au zaidi, kidonda kuvuja usaha au kuachia, uchafu wa ukeni wenye harufu mbaya, damu ya kulowesha pedi nzima kwa saa moja, kigimbi kimoja kuvimba na kuuma, na zaidi ya yote kifua kubana au pumzi kukata ghafla. Damu kidogo ya kupaka, inayopungua siku hadi siku, isikutishe.

Bibi Nesi, nimefanyiwa upasuaji wa ngiri, sasa siku kumi. Nesi kaniambia nitembee. Mimi ni mkulima wa korosho, Newala. Je, si bora nitembee shambani kwangu, nikapata mazoezi na huku naangalia kazi?
Baba Mkulima, Newala

Hapana, baba yangu. Nakujua bila kukuona. Utakwenda kutembea, utaona jani chini ya mkorosho, utainama. Utamwona kijana anapuliza vibaya, utamnyangʼanya mashine umwonyeshe. Mashine ile ya mgongoni inazidi kilo 10 hata ikiwa tupu. Ngiri ni tundu lililofumuka kwenye ukuta wa tumbo likazibwa, na wanaorudi mezani kwa ngiri ile ile, wengi nimewasikia wakianza hadithi yao na shamba.

Tembea barabarani. Tena wewe una bahati, unakaa ukingoni mwa uwanda wa Makonde; nenda pale Shimo la Mungu, simama juu, tazama bonde lote linavyoshuka kuelekea Ruvuma na Msumbiji. Juu, nimesema. Usishuke, maana utapaswa kupanda. Vaa sweta, Newala mwezi wa nane ina upepo wa kweli, na ukikohoa shika kinena kwa kiganja. Korosho zitakuwepo. Mpaka mavuno yakianza utakuwa umeruhusiwa.

Shikamoo Bibi. Mimi ni mwanafunzi wa chuo, naishi Majengo, Mtwara mjini. Nilivunjika paja kwenye bodaboda, nikapasuliwa, nikawekewa chuma. Nimekatazwa kukanyaga mguu huo mpaka nirudi kliniki. Nimesoma majibu yako ya zamani kuhusu kutembea na kuangalia miti, lakini mimi siwezi kutembea, na dirisha la chumba changu linaangalia ukuta wa jirani. Watu wengine wananishauri nipelekwe baharini mguu ukalowekwe, eti chumvi inakausha kidonda. Nifanyeje nisichanganyikiwe?
Msichana wa Majengo

Marahaba mjukuu wangu, pole. Ukuta huo si jambo dogo, na usikubali akuambie mtu kwamba unadeka. Mwaka 1984 mtafiti mmoja wa Marekani, Roger Ulrich, alichapisha kwenye jarida la *Science* uchunguzi wa wagonjwa 46 waliotolewa kifuko cha nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania. Nusu yao walilazwa kwenye vyumba ambavyo dirisha liliangalia miti, nusu liliangalia ukuta wa matofali. Upasuaji ule ule, wauguzi wale wale. Wa miti waliruhusiwa mapema zaidi, walihitaji dawa kali za maumivu kwa uchache, na manesi waliandika malalamiko machache kwenye mafaili yao. Wagonjwa 46 si wengi, nami sitakwambia mwarobaini unaunga mfupa. Lakini wakati nafanya kazi wodini nilikuwa najua ni vitanda vipi wagonjwa wanagombea, na havikuwa vile vya karibu na choo.

Kwa hiyo hama. Kitanda kisipopita mlangoni, mkeka na godoro vinapita. Omba uwekwe barazani kuanzia asubuhi, mgongo umeegemea, mguu umenyooka juu ya mto kama walivyokuelekeza. Kwenu Majengo hakuna baraza isiyoona mti hata mmoja. Ukiwa mwembe, sasa hivi unachanua, na nyuki wanakuja kwa saa zao. Anza kuandika wanaanza saa ngapi na wanaondoka saa ngapi. Ukiona ndege mdogo mwenye mdomo uliopinda anayengʼaa akigeuka juani, huyo ni chozi, anafuata asali ya maua. Mchokoe mwenye nyumba awapandie maua mekundu karibu na baraza, chozi atahamia. Kama hakuna lolote la kuona, kuna upepo wa kusi. Asubuhi umetulia, mchana unaamka, jioni unasukuma mlango. Jifunze kuusikia unapobadilika.

Na wakati unatazama, nyayo zifanye kazi: zivute kuelekea kwako, zisukume mbele, mara kumi kumi, kila saa ukiwa macho, mguu mzima na ule uliovunjika ukikubali. Ni vigimbi vile vile nilivyomwambia dada wa Rasbura, na aliyevunjika paja ana hatari ya damu kuganda kuliko yeye. Kukanyaga, usijaribu hata kidogo kabla hujaambiwa, hata ukiona mguu hauumi. Maumivu yanaisha kabla mfupa haujashika.

Bahari kwa kidonda, usithubutu. Chumvi ya jikoni ndani ya maji yaliyochemshwa ni jambo jingine. Bahari ya karibu na mji inapokea kila kinachotiririka kutoka mjini, na vijidudu vyake vingine huishi humo humo kwenye chumvi. Kidonda kilicho juu ya chuma kikiingiwa, chuma chenyewe kinaweza kulazimika kutolewa.

Ila bahari kwa macho, nenda. Mfanye ndugu yako mmoja akodi bajaji jioni mpaka Shangani, mtu asikushushe, kaa humo humo utazame mashua na watoto wanaoogelea, ule mhogo wako wa kuchoma, urudi. Chukua kiti chote cha nyuma, mguu umenyooshwa juu yake na mto chini ya goti, ndugu apande mbele na dereva. Na dereva mwambie mapema apite lami hata kama ni mzunguko. Akikwambia anajua njia ya mkato, tafuta dereva mwingine.